Bwana Amery na Neno "Ondoka"



Katika toleo lililotangulia hili mwenzetu mmoja, ambaye twamheshimu kwa elimu yake na kwa mwandiko wake mzuri, alimsifu marehemu Leopold Amery wa Uingereza. Akatoa shauri ya kwamba hotuba ya Amery ya tarehe 7 Mei 1940 itiwe katika masomo ya jioni ya makarani vijana, wapate kujifunza kwayo ushujaa wa kusema kweli mbele ya wakubwa. Akaongeza ya kuwa mtu aliyekaa Bungeni miaka 34 bila kukatiza, akashika wizara baada ya wizara, ni kielelezo cha utumishi kwa watu kama sisi, ambao riziki yetu yote huhesabiwa kwa miaka ya kazi. Shauri hilo litapigiwa kura katika mkutano ujao. Sisi twalipinga, na sababu zetu ni hizi.

Hatusemi ya kuwa hotuba ile haikuwa ya ushujaa. Ilikuwa ya ushujaa. Walakini karani hasomi ukurasa mmoja wa jalada, hata ukiwa umeandikwa kwa wino wa dhahabu, akaandika dokezo lake na kulirudisha jalada kabatini. Husoma tangu ukurasa wa kwanza. Mwenzetu amesoma ukurasa mmoja.

Kurasa za kwanza tutazipita upesi. Amery alizaliwa Gorakhpur katika Bara Hindi mwaka 1873, na baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya misitu ya huko. Alisoma Harrow, kisha Oxford, akawa mwandishi wa gazeti la The Times katika Vita ya Makaburu, akahariri historia ya vita hiyo kwa juzuu saba. Aligombea kuingia Bungeni mara kadhaa akashindwa, hata mwaka 1911 watu wa Birmingham wakampeleka, na Birmingham ikaendelea kumrudisha hata 1945. Alikuwa Naibu wa Waziri wa Makoloni tangu 1919 hata 1921. Mkuu wa Wizara ya Manowari tangu 1922 hata Januari 1924. Waziri wa Makoloni tangu Novemba 1924 hata Juni 1929, na tangu 1925 alishika pamoja na hiyo wizara mpya ya nchi zenye kujitawala, kama Kanada na Australia. Na mwisho Waziri wa mambo ya Bara Hindi tangu 1940 hata 1945. Alikuwa mtu mfupi wa kimo na mrefu wa hotuba, na wenzake walifanya mzaha ya kuwa kama angezidi nusu kichwa, na hotuba zake zingepungua nusu saa, angekuwa Waziri Mkuu. Kuna mlima Kanada ulioitwa kwa jina lake, naye aliupanda mwenyewe mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka 55. Hayo yote twampa. Hakuwa mvivu, wala hatujasikia ya kuwa alikula rushwa.

Sasa tufike kwenye kurasa zinazotuhusu.

Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza, kwa habari ya Kenya, ya kuwa maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia, na yakipingana na maslahi ya wageni basi ya Waafrika yatashinda. Masetla walichukizwa na neno hilo. Amery alipoingia Wizara ya Makoloni alikuja na fikira moja kubwa: kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika ziwe nchi moja chini ya mamlaka moja. Mwaka 1925 Sir Edward Grigg alipelekwa Nairobi kuwa Gavana akiwa na fikira hiyo hiyo. Na Julai 1927 Amery alitoa waraka rasmi wa Serikali, ambao kwa lugha laini ulisema ya kuwa kazi ya kuwa wadhamini wa Waafrika, iliyokuwa ya Serikali ya London peke yake, ingefaa kushirikiwa na masetla. Wenye kusoma nyaraka kwa kazi yao hawatadanganywa na ulaini wa lugha. Ukimwambia mlezi wa yatima ya kuwa sasa ulezi utashirikiwa na jirani anayelitamani shamba la yatima, hukuongeza walezi.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1931 Wazungu wote wa Kenya, wanaume, wanawake na watoto, hawakufika 17,000. Ndio waliokusudiwa kupata sauti kubwa katika nchi tatu zenye mamilioni ya watu. Na Tanganyika haikuwa hata koloni. Ilikuwa nchi ya amana, iliyokabidhiwa Uingereza na Chama cha Mataifa cha Geneva baada ya vita ya 1914. Bwana Amery hakulipenda neno amana. Mwaka 1926 alitangaza mbele ya watu London ya kuwa kukaa kwa Waingereza katika Tanganyika si kwa muda, wala nchi ile haikukodishwa kwao na Chama cha Mataifa. Misingi yao huko ni ya kudumu sawasawa na kwingineko Afrika ya Mashariki. Alisema hayo kwanza kwa ajili ya masikio ya Wajerumani, waliotaka kurudishiwa nchi. Lakini watu wa Tanganyika nao wana masikio.

Waafrika wa Tanganyika wa siku zile waliijua Kenya kwa mambo mawili: kipande kilichovaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha bati, na nyanda za juu zilizowekewa Wazungu. Hawakuhitaji tume kuwaeleza maana ya kuunganishwa.

Tume ililetwa vivyo hivyo, nayo ndiyo habari ambayo twataka kila karani kijana aisome. Mwaka 1927 Amery aliteua watu wanne chini ya Sir Edward Hilton Young, wazunguke Afrika ya Mashariki na kutoa shauri juu ya muungano. Wakazunguka, na taarifa yao ikatolewa Januari 1929. Wajumbe watatu katika wale wanne hawakumpa Waziri alichotaka. Walisema ya kuwa masetla wa Kenya wasipewe serikali yao wenyewe, na ya kuwa mambo ya Waafrika yabaki chini ya uangalizi wa Serikali ya London. Mwenyekiti peke yake aliandika maoni yake mbali.

Basi Waziri akafanyaje? Yeyote miongoni mwetu aliyekaa karibu na meza ya mkubwa ajua jibu kabla hatujalitamka. Taarifa ikija na jibu lisilotakiwa, hapana mtu anayeipinga waziwazi. Husemwa ya kuwa ni taarifa nzuri sana, yenye kustahili kufikiriwa zaidi. Kisha hutumwa mtu mwingine. Amery alimtuma Sir Samuel Wilson, Katibu Mkuu wa wizara yake mwenyewe, yaani mkubwa wa makarani wake, aende Afrika ya Mashariki akazungumze na wakubwa wa huko, na kutazama ni muungano wa namna gani utakaokubaliwa. Utakaokubaliwa na nani? Si na watu wa Usukuma, wala wa Kavirondo.

Wilson alipokuwa katika safari hiyo, mwisho wa Mei 1929, Waingereza walipiga kura, chama cha Amery kikashindwa, naye akatoka wizarani. Serikali mpya ya Leba haikulifuata shauri la Wilson. Twaomba jambo hili lipimwe vema. Kilichomzuia Bwana Amery si tume, maana tume aliipita pembeni. Wala si Sir Donald Cameron, Gavana wa Tanganyika, ingawa Cameron aliupinga muungano kwa nguvu zake zote. Kilichomzuia ni kura za wachimba makaa na wafuma nguo wa Uingereza, ambao wengi wao hawakujua Tanganyika iko wapi, na walimwondoa kwa sababu za mkate wao wenyewe. Nchi zetu ziliponea hapo, kwa bahati ya watu wengine.

Mwaka 1931 kamati ya mabaraza yote mawili ya Bunge ilikaa London kuimaliza habari hiyo, na mara ya kwanza Waafrika wakaitwa wenyewe kutoa ushahidi. Kutoka Uganda alikuwako Serwano Kulubya. Kutoka Kenya, Koinange pamoja na wenzake. Kutoka Tanganyika walikwenda watatu: Mtemi Makwaia, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba. Huyo Kayamba alikuwa karani, mtu wa Kiungani, naye ndiye aliyeanzisha Tanga, mwaka 1922, chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, Waislamu na Wakristo wakikaa katika mkutano mmoja. Hakuchaguliwa kwa kura kwenda London. Serikali ndiyo iliyomteua. Hakuwa mtu wa fujo, na mengi katika utawala wa Waingereza aliyasifu. Lakini alikaa mbele ya malodi na wabunge pamoja na wenzake, wakasema kwa adabu ya kuwa watu wao hawataki kuunganishwa na Kenya. Kamati ikaamua ya kuwa wakati wa muungano haujafika.

Mwenzetu atatukumbusha ya kuwa mwaka 1967 nchi hizo tatu ziliungana zenyewe katika Jumuiya, na ilipovunjika mwaka 1977 zikaja kuijenga tena. Ni kweli, nasi hatujasema ya kuwa kuungana ni kosa. Jumuiya ile ilitiwa sahihi na serikali ambazo hazikuwekwa na Waziri aliyekaa London. Hiyo ndiyo tofauti, na Bwana Amery asingeiona kuwa kubwa.

Twasema asingeiona, nasi hatumsingizii. Februari 1933, Wajapani walipokuwa wameinyakua Manchuria na mataifa yakitaka kuwalaumu, Amery alisimama Bungeni kuwatetea. Hoja yake ilikuwa wazi: tukiwahukumu Wajapani, alisema, tutakuwa tumeihukumu siasa yetu yote katika Bara Hindi na Misri. Mwaka 1935 alikataa vilevile Italia iwekewe vikwazo kwa ajili ya Habeshi. Twakiri ya kuwa kuna uaminifu fulani ndani ya maneno yale ya 1933. Wengi wa wenzake waliamini hivyo hivyo wakaona haya kusema.

Haya, sasa tuufungue ule ukurasa wa dhahabu.

Ilikuwa jioni ya tarehe 7 Mei 1940. Majeshi ya Uingereza yalikuwa yameshindwa Norway, na Bunge likajadili. Amery alipewa nafasi ya kusema saa ya chakula cha jioni, ukumbi ukiwa karibu mtupu, hata rafiki yake Clement Davies akamsihi asifupishe, akatoka kwenda kuwakusanya wajumbe. Wakaingia mmoja mmoja. Alipofika mwisho alikumbusha maneno ambayo Cromwell aliyatumia mwaka 1653 kulifukuza Bunge la zamani, ya kuwa wamekaa mno, na kwa jina la Mungu waondoke. Aliyaelekeza kwa Neville Chamberlain, Waziri Mkuu, rafiki wa miaka mingi, mwenzake wa chama kimoja na mji mmoja wa Birmingham. Kesho yake kura zilikuwa 281 kwa 200. Serikali ilishinda, lakini kwa kura 81 tu, na wengi wa watu wake walikuwa wameikimbia. Tarehe 10 Mei Chamberlain alijiuzulu. Siku tatu baadaye Amery akawa Waziri wa mambo ya Bara Hindi.

Mwenzetu ameishia hapo. Sisi twaomba ageuze ukurasa.

Tarehe 8 Agosti 1942 wajumbe wa Kongresi ya Bara Hindi walikutana Bombay, wakapitisha azimio la kuwataka Waingereza waitoke nchi yao. Neno walilolitumia ni lile lile: ondokeni. Mliokaa mno, ondokeni. Hawakulichukua kwa Cromwell, nao hawakuwa na haja ya kulichukua kwa mtu. Alfajiri ya tarehe 9 Gandhi, Nehru na viongozi wenzao walikuwa wamekwisha kutiwa kizuizini. Watu makumi ya maelfu walikamatwa katika ghasia zilizofuata. Kasturba, mke wa Gandhi, alifia kizuizini tarehe 22 Februari 1944. Na Waziri aliyesimama mbele ya Bunge lile lile kuyatetea yale makamato, miaka miwili na miezi mitatu tangu hotuba yake, ni Leopold Amery, mzaliwa wa Gorakhpur.

Neno moja, kinywa kimoja. Likitoka kwake kumwendea Chamberlain ni ushujaa wa kusomeshwa vijana; likitoka kwa watu milioni 400 kumwendea yeye ni uasi. Kama kuna somo la jioni katika habari hii, ni hilo, wala halimo katika hotuba.

Kisha ikaja njaa ya Bengali ya mwaka 1943. Tume ya Serikali yenyewe, mwaka 1945, ilihesabu waliokufa kuwa kama milioni moja na nusu. Wataalamu waliokuja baadaye wengi wamefika hata karibu milioni tatu. Hapa twataka kusema kwa haki, maana jalada lina kurasa za kumtetea. Mwanzoni Amery aliliambia Bunge ya kuwa taabu ni wakulima na wachuuzi kuficha nafaka. Lakini alipoujua ukweli aliomba merikebu. Agosti 1943 ombi lililopelekwa mbele ya Baraza la Vita lilikuwa la tani 500,000 za nafaka, na Baraza likatoa sehemu ndogo tu ya hizo. Akaomba tena na tena, Churchill akakataa au akapunguza. Amery aliudhika hata Agosti 1944 akaandika katika shajara yake ya kuwa amemwambia Churchill usoni kwamba haoni tofauti kubwa kati ya fikira zake juu ya Wahindi na fikira za Hitler.

Ni maneno mazito kuliko yale ya 1940. Lakini yale ya 1940 aliyasema Bungeni yakaiangusha serikali, na haya yalibaki katika chumba cha mkutano na katika daftari lake. Hakujiuzulu. Alikaa katika kiti kile mwaka 1943 wote, na 1944 wote, hata Julai 1945. Karani anayeona ya kuwa hesabu imepotoka, akaandika hivyo katika daftari lake la nyumbani usiku, kisha asubuhi akaja kazini kuitia sahihi hesabu ile ile, hatumpi cheti cha ushujaa. Huenda tukamhurumia, maana ana watoto na nyumba ya kupanga. Bwana Amery hakuwa na shida ya kodi ya nyumba.

Tumekwisha kusikia jibu lake mezani: ya kuwa kama angetoka angewekwa mtu mbaya zaidi, na ya kuwa kwa kubaki aliokoa kidogo. Huenda. Walakini hiyo ndiyo hoja waliyoishika mawaziri wa Chamberlain katika Mei 1940, ya kuwa ni afadhali kubaki ndani na kutengeneza kuliko kuvunja, naye Amery hakuwakubalia. Aliona ya kuwa Waingereza wakiwa hatarini, mtu hubomoa. Wabengali walipokuwa wakifa barabarani aliona ya kuwa mtu huandika barua nyingine.

Julai 1945 wapiga kura wa Sparkbrook, mtaa wa Birmingham uliompeleka Bungeni tangu 1918, walimtoa, wakamweka Percy Shurmer wa chama cha Leba. Miaka 34 ikaishia hapo, kwa watu wa mtaa mmoja kutia karatasi sandukuni. Watu wa Bara Hindi, aliowatawala miaka mitano, hawakuwa na sanduku la kumtoa. Watu wa Tanganyika hawakuwa nalo mwaka 1929. Mwanawe mmoja alinyongwa Desemba 1945 kwa uhaini. Huzuni hiyo twamwachia, haimo katika hoja yetu. Alikufa mwaka 1955.

Kwa hiyo twaomba shauri la mwenzetu likataliwe, na badala yake twatoa hoja hii: vijana wa masomo ya jioni wasomewe ushahidi wa Makwaia, Lwamugira na Kayamba wa mwaka 1931, ambao ulipigwa chapa pamoja na taarifa ya kamati ile, na wafasiriwe kwa Kiswahili sehemu kwa sehemu. Wawili kati yetu wamekubali kufanya kazi ya kufasiri bila malipo. Anayeiunga mkono hoja hii na ampelekee Katibu jina lake kabla ya mkutano. Na mwenzetu akitaka kujibu, nafasi yake katika toleo lijalo tumekwisha kuiomba kwa Mhariri.